Bangi ya Panda Shambani kwa Palaga

Palaga alikuwa mjane mwenye mdomo ambao hata kasisi aliukwepa. Marehemu mumewe alizoea kusema kwamba uziwi ameupata kazini, na kazi yenyewe ni ndoa. Bonde zima la mto Iza lilimjua kwa mambo mawili: matusi yake na bangi yake. Usishtuke, msomaji. Enzi zile za mfalme wanawake wa kule walilima bangi mchana kweupe, nyuma ya kanisa, na kasisi akainyunyizia maji ya baraka. Hawakuivuta, ukiivuta ile ungeambulia kikohozi tu. Waliivaa. Mashina yalilowekwa, yakapondwa, yakatolewa nyuzi, na binti asiye na nguo iliyofumwa kwa mkono wake mwenyewe alibaki kuwa mzigo wa mamaye.

Mwaka ule mambo yalianza kuharibika mapema, katika sherehe ya kuaga nyama kabla ya Kwaresima. Siku hiyo wanawake hunywa horinka, pombe kali ya plamu, kisha huruka kutoka juu ya benchi. Kadiri mwanamke anavyoruka juu, ndivyo bangi yake itakavyorefuka. Palaga akalidharau benchi, akapanda mezani. Aliruka, sketi ikamfika masikioni, mguu mmoja ukaenda huku na mwingine kule, akatua juu ya bakuli la kabichi.

"Mnatazama nini?" akauliza, bado kakaa chini. "Kwani nyie hamna?"

Majira ya kupanda yalipofika, Hafia alimletea mfuko wa mbegu. Huyu Hafia ni mama yake Griga, kijana aliyekuwa akimchumbia Todora, binti pekee wa Palaga, na zawadi ile ilikuwa njia ya kuithibitisha posa. Palaga akazimwaga mbegu zote shambani, akazisonganisha. Ndivyo inavyofanywa: mimea ikibanana haipati nafasi ya kutanuka, inapanda juu moja kwa moja kama fimbo, na fimbo ndiyo yenye uzi mrefu.

Loo! Ile ya Palaga haikujua adabu hiyo. Bangi ya watu hutoa majani mawili mawili, moja linatazamana na mwenziwe. Yake ilitoa matatu kila kifundo, na kila jani likazaa tawi. Mashina mengine yaligawanyika njia panda kutoka chini. Lipo lililokuwa bapa, pana kama mkanda wa suruali, na kileleni limejaa vichwa vilivyosongamana mfano wa upanga wa jogoo. Mengine yalikuwa na majani yaliyoungana vidole kama mguu wa bata. Palaga alisimama katikati ya shamba, akayatukana mpaka akaishiwa.

Hapo ndipo Todora alipomwambia kwamba ana mimba. Palaga alikaa juu ya ndoo. Hakuwa na hasira na mtoto. Yeye mwenyewe aliwahi kuolewa kwa haraka. Lakini harusi ilikuwa lazima ifungwe kabla ya mfungo wa Krismasi, maana katika mfungo kanisa haliozeshi, na mfungo ukiisha tumbo lingekuwa la kwanza kuingia kanisani. Na bila shati la bwana harusi, lililotoka katika bangi ya shamba la bibi harusi, harusi haipo.

Siku ya kuloweka, wanawake wote wa kijiji walikuwa bwawani. Palaga alipofika na matita yake yaliyotanuka kama vichaka, kicheko kilisikika ng'ambo ya mto.

"Wee Mama Todora, umeleta bangi au kuni?"

"Si aliruka kapanua miguu! Nayo imemuiga!"

"Tena shukuru hukuruka uchi, shoga, ingeota na manyoya!"

Aliyecheka kwa sauti kuliko wote alikuwa Hafia. Alicheka mpaka akajishika mbavu, na macho yake hayakumtazama Palaga hata kidogo. Palaga akajua. Mbegu haisikilizi miguu ya mtu. Mbegu huzaa kilichomo ndani yake, na zile zilitoka ghalani kwa Hafia. Akafungua kinywa. Todora akamdaka mkono.

"Mama, nakuomba. Ukimwaibisha mama yake Griga hapa, mimi nimekwisha."

Palaga akakifunga kinywa. Kwa mtu kama yeye, ilikuwa kama kumeza nungunungu mzima. Kicheko cha Hafia kilikatika ghafla, kabla ya vya wenzake. Hafia alijua, Palaga alijua, na kila mmoja alijua kwamba mwenzake anajua.

Nyuzi zilikatika kwenye kila panda. Todora alisokota vipande vifupi, akaviunga, akafuma, vidole vikatoka damu, na shati likawa na vinundu mwili mzima. Palaga alilijaribu usiku mmoja akalivua haraka, anajikuna. Alilia, naye hakuwa mtu wa kulia. Aliogopa kwamba ameyanyamazia yote yale bure.

Jumapili kabla ya harusi, mama wa bwana harusi hulikagua shati mbele ya wanawake: hulisugua shavuni, kisha hutamka. Akisema linakwaruza, bibi harusi hana mkono wa kazi, na posa inaweza kurudi ilikotoka. Nyumba ya Palaga ikajaa. Horinka ikamiminwa, hakuna aliyekunywa. Todora alisimama karibu na jiko, aproni ameifunga juu kidogo kuficha tumbo, uso mweupe kama jibini.

Hafia akalipokea shati. Akapapasa vinundu kwa kidole gumba. Nyuma mtu alianza kucheka kwa pua.

Hafia akaliweka shavuni, akasugua. Hakusugua kwa kugusa tu kama wafanyavyo wengine. Alisugua kwa nguvu, taratibu, kutoka sikioni hadi kidevuni, akarudia, mpaka ngozi ikawa nyekundu na mstari mdogo wa damu ukajitokeza. Kila mtu aliuona.

"Laini," akasema Hafia. "Sijapata kushika laini kama hili."

Chumba kizima kikamgeukia Palaga, maana mtu mwenye mdomo ule hakosi la kusema. Palaga akamsogezea Hafia gilasi.

"Kunywa, mkwe," akasema. "Halafu usugue na shavu la pili."