Mstari Mmoja wa Kombania ya Baba

Baba aliitwa vitani akianika kahawa uani kwetu Nyaishozi. Alikuwa mgambo tu. Wakamtia kwenye kikosi cha askari wa miguu, akavuka mpaka kwenda kumng'oa dikteta wa nchi jirani. Aliporudi hakutusimulia kitu.

Miaka michache iliyopita, ofisa mmoja mstaafu alikuja Kayanga kukusanya historia ya kikosi. Baba alivaa koti lake la kanisani, nikampeleka. Kiswahili kilipomshinda alisema Kinyambo, nami nikatafsiri. Ndipo niliposikia kwamba kombania yao ilitangulizwa kwenye kinamasi ili adui afyatue, mizinga yake ijulikane ilipo. Hawakuambiwa kuwa wao ni chambo. Rafiki yake, mtu wa Rugu, alizama kwenye tope na mzigo wa risasi mgongoni.

Ofisa aliandika yote. "Mzee, haya hayatapotea," alimwambia.

Kitabu kilipotoka nilimsomea baba. Kombania yao ilipewa mstari mmoja: ilibaki nyuma kulinda vyakula. Aliniomba nirudie, nikarudia. Kisha akasema twende Rugu, kwa mjane wa rafiki yake, maana alikwisha mwahidi kwamba jina la mumewe litakuwemo.

Mama yule alitukaribisha vizuri. Nilimwamkia, akaitikia huku macho yakiwa kwenye kitabu, akauliza ni ukurasa gani. Baba alimwambia mumewe hayumo, wala yeye mwenyewe hayumo, na kilichoandikwa ni uongo. Halafu akamweleza habari za kinamasi. Kwa zaidi ya miaka arobaini alikuwa akimwambia kwamba mumewe alipigwa risasi moja, akafa papo hapo.



"Alikuita?" mjane aliuliza.

"Aliniita," baba alisema. "Tuliamriwa tusonge mbele, nikasonga."

Mjane aliinuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Tulingoja mpaka chai aliyotumiminia ikapoa. Hakutoka.

Siku hizi wakikutana gulioni, baba anamsalimu, naye anapita. Baba haninung'unikii, lakini najua angelala kwa amani na uongo wake wa zamani kama nisingempeleka Kayanga. Ofisa nimemwandikia mara tatu. Alijibu mara moja, kwa upole, kwamba kitabu kimekwisha chapwa.