Sufuria ya Nyanya Ruti

Harufu ya maziwa yaliyofurika na kuungulia jikoni hunirudisha ughaibuni, mtaa wa Kilburn, nyumbani kwa Nyanya Ruti. Alikuwa mzee wa Kiyahudi ambaye mamangu alimhudumia, na mimi, nikiwa na miaka tisa, nilimngojea mama huko kila nikitoka shule. Vyombo vya nyama na vya maziwa havikuchanganywa kamwe. Ndivyo dini yao inavyotaka. Hata sifongo zilikuwa mbili, nyekundu na ya buluu.

Siku moja, mama akiwa ghorofani akimwogesha Nyanya, nilitamani chai ya maziwa. Nikachukua sufuria iliyokuwa karibu. Kumbe ilikuwa ya supu ya kuku. Maziwa yakafurika, nikafuta mbiombio, nikairudisha na utando wake ndani.

Nyanya aliuona. "Miaka mitatu uko kwangu, bado hujui?" alimfokea mama.

Mama hakujitetea. Alidhani uchovu umemchanganya. Tangu hapo kila chombo alikitazama mara mbili, kama mgeni. Nami, niwaambie ukweli, Jumapili nilifumba macho kanisani, nikatubu kwa Mungu, nikatoka mwepesi, na keki nikala.

Wiki hiyo ikafika siku yao kuu ya toba, wanapofunga tangu jua kutua hadi litue tena. Alasiri, kabla ya kufunga, Nyanya alimwomba mama aketi.

"Nilikufokea," alisema. "Kwa Mungu siendi kabla sijapita kwako. Nisamehe."

Mama akacheka kwa haya. "Yameisha, Nyanya. Kosa lilikuwa langu."

"Ni mimi," nikasema. "Lakini nimeshamwambia Mungu."

Nyanya akanitazama juu ya miwani. "Sufuria ilikuwa ya Mungu?"

"Hapana."

"Na aliyefokewa ni nani?"

Nikawaomba msamaha wote wawili. Kwa mama niliomba kwa Kiswahili, mimi niliyezoea kumjibu kwa Kiingereza.

"Kumbe ni wewe," mama akasema, "na siku zote hizi ugali wangu ulikuwa unakushuka vizuri tu." Kisha akanivuta kifuani, akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyerudishiwa akili zake.

Nyanya akavaa raba, maana siku hiyo hawavai viatu vya ngozi, tukamsindikiza hadi sinagogi. Hatakula, hatakunywa hata maji, na bado alitembea kama anayekwenda harusini. Nilishangaa, nilidhani kutubu ni kwenda kuchapwa. Nimekuja kuelewa ukubwani: alikuwa anarudi kwa Anayempenda, na nyuma yake hakuacha mtu akilia.