Kilio Kilichozimwa na Kipaza Sauti

Sauti ile sijaisamehe, na sina mpango wa kuisamehe. Ilitoka katika kipaza sauti kilichofungwa juu ya nguzo, kwenye uwanja wa Kadutu, mtaa wetu wa Bukavu, karibu sana na nyumba yetu, hata mama alisonga ugali huku akisikia habari zote bila kutoka nje. Ilikuwa miaka ya mwisho ya Wabelgiji, ingawa wakati ule hakuna aliyejua kuwa ni ya mwisho. Kila jioni tuliambiwa nani ameshinda mpira, barabara gani imetengenezwa, na jinsi serikali inavyotupenda. Tuliambiwa kwa Kiswahili cha vitabuni, kilichonyooka, ambacho kwetu hakuna aliyekitumia hata kanisani. Watu walikiheshimu kwa sababu hiyo hiyo. Mtu anayesema vizuri namna ile atadanganyaje?

Baba alifanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Mwenga. Alikuja nyumbani mara chache, na mama alibaki Bukavu na sisi wawili: mimi, msichana mkubwa niliyesoma kwa masista, na mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa bado anayumba akitembea. Msimu mmoja wa mvua akaja mwenzake baba wa kazini, mtu mpole wa kabila la Warega ambaye aliwahi kula kwetu. Alishuka kwenye lori akiwa na matope mpaka magotini. Tulimpa kiti, akakataa kukaa.

"Maman," alisema, "mulima ilituangukia. Papa ya batoto alikuwa chini. Miye mwenyewe nilimutosha mu udongo na hii mikono."

Mama alipiga ukelele, na majirani wakajaa. Baba mdogo, ndiye mdogo wake baba, akawasha moto wa kilio uani. Katika ukoo wetu wanaume hulala kando ya moto huo, wanawake huketi chini ndani ya nyumba, na hauzimwi mpaka kilio kimalizike. Si moto wa kuota. Ukiwaka, ukoo umekubali kwamba mtu wao amekwenda. Ndiyo maana aliye hai haliliwi; kumlilia ni kumwita kaburini, na anayefanya hivyo kwa kusudi ni mchawi tu.

Kesho yake jioni, sauti ikasema. Ilisema wako watu wasio na haya wanaoeneza uvumi juu ya ajali machimboni. Udongo kidogo umeporomoka, hakuna aliyekufa, kazi inaendelea vizuri. Gazeti la Kiswahili lilipotoka likarudia maneno yale yale, na juu yake picha ya wachimbaji wanaocheka.

Lakini hatukungoja gazeti. Baba mdogo alisimama palepale. "Banasema hakuna mutu alikufa! Sasa tunamulilia nani?"

Yule mwenzake baba alikuwa ameketi kando ya moto. "Nilimubeba," alisema taratibu.

"Ulibeba nani? Weye unajua kupita radio?"

Mama akatoka ndani na kitambaa cha kilio kichwani. Alikuwa anacheka. Hakuna aliyemlazimisha: alichota maji katika ndoo akayamwaga juu ya moto kwa mkono wake mwenyewe, na majirani wakapiga makofi. Kisha akamgeukia mgeni.

"Toka kwangu, mulozi! Ulitaka kumukula bwana yangu na mudomo!"

Mtu yule alitutazama mmoja mmoja, akaondoka. Mvua ilikuwa inaanza tena. Sijui alikwenda wapi, na hakurudi kwetu tena maisha yake yote.

Nimesikia wasomi wakisema kwamba watu wetu wa zamani walikuwa wajinga, waliamini kila kitu. Wajinga wa nini? Mwanamke anaambiwa na redio ya serikali kwamba mumewe anapumua. Ulitaka akatae? Mama alichagua kile ambacho mimi ningechagua, na wewe unayesoma ungechagua hicho hicho. Alifua shati la baba la Jumapili, akalipiga pasi ya makaa, akalitandaza juu ya kitanda limngoje. Kila Jumamosi alilipiga pasi upya, maana vumbi. Nikilifikiria shati lile, damu inanichemka hata leo.

Noeli ikapita, baba hakuja. Baadaye dereva wa machimbo akatuletea blanketi lake, sahani yake, na neno kwamba alikwisha kuzikwa kule kule tangu siku ya ajali. Alisema hivyo akiwa bado ndani ya gari.

Mama aliomba moto uwashwe tena. Baba mdogo akakataa, naye mwenyewe machozi yanamtoka. Moto wa kilio uliozimwa kwa maji, alisema, hauwashwi mara ya pili kwa mtu yule yule; ni kuita kifo kingine nyumbani. Wazee wa ukoo wakakubaliana naye. Hivyo baba yangu hakuliliwa. Mama alilia chumbani na kitenge mdomoni, kama mtu anayeiba.

Na ile sauti? Ilituomba radhi? Haikusema neno. Gazeti nalo lilikuwa na kazi nyingine: lilileta picha za mashindano ya wanawake wanaofuma vitambaa vya meza. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema. Wahenga hao hawakuwahi kuona redio. Uongo ule ulipita Kadutu yote, ukavuka ziwa mpaka kisiwa cha Idjwi, na hakuna aliyeusimamisha njiani.

Msemaji tulimjua. Alikuwa mtu mweusi kama sisi, mwenye tai na kofia, na mboga alinunua soko la Nyawera kama watu wote. Wanawake wa sokoni wakamwita Iko-Muzima, yaani yu hai, kwa ajili ya wafu aliotuambia hawakufa. Akiuliza bei ya nyanya, wanamjibu: "Nyanya iko muzima, papa!" na soko zima linaangua kicheko. Tangu hapo kila kilichosemwa juu ya nguzo kikawa mchezo. Barabara itatengenezwa? Iko muzima. Sukari imeshuka bei? Iko muzima. Tulicheka sana, na hatukujua kuwa kicheko hicho tutakilipia sisi.

Msimu wa mvua uliofuata, sauti ilisema maji ya chemchemi ya bondeni yameharibika, mtu asiyanywe bila kuyachemsha. Hapo ndipo hasira yangu inakosa mahali pa kukaa, kwa sababu ilikuwa kweli. Kweli tupu. Nilimwambia mama kwamba hata masista wamesema vilevile.

"Masista banasikiaka ku radio," alijibu. "Ile kinywa iliniambia bwana yangu iko muzima. Leo itanifundisha maji?"

Nje mtu alipita na ndoo kichwani akiimba: "Maji iko muzima!" Sisi wote tukacheka, mama pia.

Mdogo wangu alishikwa na homa, kisha tumbo, kisha damu. Alikufa asubuhi mgongoni kwa mama, njiani kwenda hospitali, na mama aliendelea kutembea naye mpaka mlangoni kwa sababu hakutaka kumshusha.

Baba mdogo akawasha moto uani. Jioni nyumba ilikuwa imejaa wanawake wanaolia, sauti ilipoanza juu ya nguzo. Mama akainua mkono. Wote wakanyamaza.

Ilisema watoto wamekufa Kadutu kwa sababu ya ukaidi wa wazazi wao, wanaopenda uvumi kuliko habari za kweli. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ilisema, kwa Kiswahili chake kile kile kizuri.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoka uani, akasimama mbele ya baba mdogo.

"Umesikia? Leo banakubali mutu anakufaka. Basi tulie."

Akaketi kando ya moto, mahali pa wanaume, akaanza kulia kwa sauti iliyofika uwanjani. Aliita jina la mtoto, kisha akaita la baba, akaliita tena na tena, na baba mdogo hakumzuia.