Tulimwalika mgombea ubunge hapa London tukamfanya mgeni rasmi, msimamo wake nikaujua kwenye ngazi

Wakuu, salaam kwenu nyote, na nyinyi mnaosoma kimyakimya bila ku-log in nanyi nawasalimu.

Hiki ninachoandika kimenitokea mwenyewe, na nilikuwepo mwanzo hadi mwisho. Sitaji jimbo wala jina la mtu, kwa sababu watu hawa bado naishi nao na tunazikana. Lakini sitapunguza kitu.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nafanya kazi ya care, nahudumia wazee majumbani mwao, na huu ni mwaka wangu wa tatu. Nimepanga chumba mashariki ya London, na chumba cha pili anakaa dada wa Kikenya, nesi, tumwite Njeri.

Mwanangu Twaha yuko Tanga kwa mama yangu. Baba yake alishatangulia mbele ya haki.

Nilipokuja, Twaha alikuwa na miaka kumi na miwili, na visa yetu sisi wa care hairuhusu kuja na mtoto. Nikajipangia kama wenzangu: nikitimiza miaka mitano naomba settlement, yaani ukaazi wa kudumu, yeye atakuwa na kumi na saba, kisheria bado ni mtoto, namleta.

Halafu wakubwa wa serikali ya hapa wakaanza kusema mitano haitoshi, iwe kumi au zaidi, na hata sisi tulioingia zamani tunaweza kuguswa.

Kumi maana yake Twaha atakuwa na ishirini na mbili. Mtu wa ishirini na mbili haletwi na mama yake. Shikeni hapo tafadhali, maana ndipo roho yangu ilipo.

Sasa basi. Kiti cha ubunge kwenye jimbo letu kikawa wazi, uchaguzi mdogo ukaitishwa. Mimi hata sikugeuka. Nilijua kura ni ya wenye pasipoti ya hapa.

Njeri ndiye aliyenishtua, tukiwa jikoni. "Wewe si ni Commonwealth? Enda u-register. Mimi nilikuwa navote huku hata kabla nipate passport."

Nikadhani ananitania. Nikaangalia, kweli kabisa. Mtanzania mwenye visa halali anaruhusiwa kumchagua mbunge wa Uingereza.

Hapa naomba niwaulize wakongwe wetu wa miaka thelathini London: mbona hamkutuambia? Kwenye group mko hodari wa kutuma dua za Ijumaa na dawa ya kisukari ya mbegu za papai. Hili la kura mlikuwa mnamwekea nani?

Basi nika-register, nikaanza kusoma leaflets, vile vipeperushi vya wagombea. Jamani, zile leaflets. Moja ina mgombea ameinama anaonyesha shimo la barabarani kwa kidole, uso wa huzuni kama yuko msibani. Nyingine mama kashika mbwa. Mtu anataka kwenda bungeni kuamua mambo ya vita, hospitali, kodi na uhamiaji, anakueleza habari za mapipa ya taka.

Kuhusu uhamiaji wote wameandika "fair system". Fair kwa nani, hakuna aliyeandika. Isipokuwa kijana mmoja wa chama kidogo, aliyeandika waziwazi kwamba atapinga kuwabadilishia masharti watu ambao wameshaingia. Mstari mmoja tu, lakini ulikuwepo.

Ndipo umoja wetu wa Waswahili ukaamua kuwaalika wagombea. Nilifurahi, siwafichi. Waingereza wana mikutano yao ya hivyo wanaita hustings. Wagombea wanakaa mstari mmoja, wananchi wanauliza, mtu anabanwa mpaka aseme. Nikajua na sisi tunakwenda kubana.

Mwenyekiti wetu ni mzee wa Kizanzibari, alikuja hapa siku nyingi kwa mambo ya siasa za kwao. Ni mtu wa heshima, na msibani yeye ndiye wa kwanza kufika. Akaniita, akasema, "Mama Twaha, wewe hati yako nzuri na Kiswahili unakijua. Tuandikie risala."

Risala. Nikamuuliza, shikamoo mzee wangu, risala ya nini, si tunawauliza maswali?

Akasema lazima iwepo risala, maana yupo mgeni rasmi.

Wakuu, mmesikia hiyo? Wagombea watatu wanagombea kiti kimoja, sisi tumeshamchagua mmoja awe mgeni rasmi. Mwenyewe nampa jina la Bwana Koti, kwa koti lake refu la kijivu. Kwa nini yeye? Mwenyekiti alisema huyo ndiye atakayeshinda, bora tuwe naye karibu mapema.

Nikaandika. Salamu mistari miwili, halafu swali langu: ikiletwa bungeni sheria ya kutuongezea miaka sisi ambao tayari tupo hapa, utapiga kura ya ndiyo au ya hapana?

Kamati ikakaa kuipitia. Mwenyekiti akasoma, akavua miwani. "Haya makali, mwanangu. Mgeni hakaribishwi hivo."

Wakachonga, wakapaka na mafuta. Mwisho ikatoka hivi: "Tunakuomba, kwa nafasi yako, uendelee kuyatazama kwa jicho la huruma masuala yanayoigusa jamii yetu."

Uendelee! Huyo mtu hajaanza.

Na mimi nilikaa kimya. Hili naliandika ili msije mkasema najitoa. Nilikuwa mgeni kwenye kamati, wote wakubwa zangu, nikasema afadhali hiyo kuliko kukosa. Nilijiambia nitauliza kwa mdomo wakati wa maswali.

Siku yenyewe Jumapili mchana. Hall iko ghorofani, juu ya maduka. Nilipoingia nikaona meza kuu, kitambaa cheupe, maua ya plastiki, maji ya chupa. Bwana Koti katikati, na kiti chake kimezidi vingine kwa mto. Kulia kwake mgombea wa pili, diwani mwanamama, yule wa leaflet ya mbwa. Yule kijana wa chama kidogo, aliyeandika mstari wake waziwazi, kawekwa pembeni kabisa, kitambaa hakikumfikia.

MC akaanza itifaki. Ratiba naisimulia kama ilivyokuwa, sijaongeza chumvi.

Dua. Kisha utambulisho. Akatambulishwa mwenyekiti, makamu, katibu, mweka hazina, wazee waasisi mmojammoja wakisimama na kupunga mkono, wawakilishi kutoka mji wa Reading, mama aliyepika, na mtu aliyeleta spika. Kisha watoto wakaimba. Hao watoto wamezaliwa hapa, ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu Kiingereza, lakini wimbo wa kumkaribisha Bwana Koti walikuwa wamekaririshwa wiki tatu.

Diwani akaangalia saa, akasimama, akasema "I hear you", akavishwa kanga mabegani, akaenda zake. Alisikia nini hata sijui, hakuna aliyekuwa amemwambia kitu.

Kisha mimi na risala. Nikaisoma yote, na jicho la huruma ndani. Nikainama, nikaikabidhi kwa mikono miwili kama tulivyofundishwa. Akaipokea, watu wakapiga makofi, kamera zikamulika.

Mgeni rasmi akaombwa kusema neno. Akasema anapenda sana diversity, babu yake aliwahi kufanya kazi Mombasa, na pilau inanukia vizuri. Watu hoi kwa kicheko. Akavishwa kofia ya kiua na kikoi.

Yule kijana akapewa dakika mbili. Kwa hizo mbili akasema yote: anapinga masharti kubadilishwa katikati ya safari, anapinga watu wa care kutenganishwa na watoto wao. Nilisimama kupiga makofi, nikajikuta niko peke yangu na Njeri, maana sahani zilikuwa zimeanza kuletwa na watu wamegeuka. MC akamwomba afupishe.

Maswali yakapewa dakika kumi. Wa kwanza kupewa mic ni bwana mmoja ambaye huwa hakosi. Akashukuru kamati. Akashukuru tena kwa niaba ya wazee. Akaeleza historia ya umoja tangu ulipoanzishwa. Dakika saba hizo, na swali halikutokea.

Nikanyoosha mkono. MC akaniona kabisa, tukatazamana. Akasema, "Ndugu zangu, muda si rafiki."

Hapo nikachoka. Nikasema leo na liwe liwalo.

Bwana Koti alipoaga nikamfuata kwenye ngazi. Kashika pilau yake kwenye foil, kofia kichwani, kikoi begani. Nikamuuliza kwa Kiingereza changu cha kazini, neno kwa neno lile swali lililokatwa.

Akajibu palepale. Angepiga ndiyo. Miaka kumi, na kwa waliopo pia.

Nikamwambia nina mtoto. Akasema pole, anajua itawaumiza baadhi ya watu, lakini huo ndio msimamo wake na hajawahi kuuficha. Akasema kila mkutano aliokwenda wiki ile ameulizwa swali hilo, amejibu hivyohivyo, na kwingine amezomewa. "Hapa pekee ndipo ambapo sikuulizwa," akasema. "Nikadhani mnakubaliana nami."

Na akanishukuru kwa ukarimu wetu.

Wakuu, mimi huyo mtu simchukii. Alisema ukweli wake mara tu alipoulizwa. Hasira yangu yote ilirudi juu, kwenye hall.

Nikapanda, nikamkuta mwenyekiti anagawa mifuko ya pilau. Nikamweleza. Akasikiliza vizuri, halafu akasema, "Wanasiasa husema mengi, Mama Twaha. Akishaingia tutakwenda kumuona."

Nikamwambia, tutamuona na nini mzee wangu, na pilau nyingine? Sauti ilinitoka, watu wakageuka. Nikamwambia wewe pasipoti unayo tangu enzi, wanao wako hapa, wajukuu wako hapa. Kwako hii ni shughuli, imependeza, imekwisha. Mimi ni mwanangu huyu.

Mama mmoja akanishika mkono, akaniambia nisimvunjie mzee heshima mbele za watu. Nikachukua koti langu nikaondoka na Njeri, na pilau hatukula.

Wiki iliyofuata leaflet mpya ikaingia mlangoni. Bwana Koti kavaa kofia yetu, watoto wetu wamemzunguka wanacheka, na chini yake maneno kwamba jamii zote za jimbo zinaunga mkono mpango wake, pamoja na settlement kuwa ya kutolewa jasho miaka kumi.

Nikaipiga picha nikaitupa kwenye group. Mnajua majibu yalikuwaje? "MashaAllah kofia imemkaa." Mwingine akauliza nani kashona. Mtu mzima, amesoma, ana mtoto wa dada yake yuko kwenye visa kama yangu, anauliza nani kashona.

Siku ya kura nilitoka shift nikapitia kituoni, shule ya msingi karibu na kwangu. Nikatoa pasipoti yangu ya Tanzania, mama wa mezani akaitazama, akatafuta jina, akanipa karatasi. Nilimpigia kura yule kijana. Alishindwa vibaya. Bwana Koti kapita, na poster ya pongezi ikawekwa kwenye group, mwenyekiti wetu akiwa kapeana naye mkono.

Simlaumu mzee peke yake. Ni mazoea yetu, tumeyabeba kutoka nyumbani kwenye begi pamoja na mchuzi mix. Mtu mwenye cheo, au anayekaribia cheo, tunamkalisha, tunamlisha, tunamvisha, halafu tunamwomba huruma. Nami ndiye niliyeinama na karatasi mkononi. Mgombea ni mtu anayeomba kazi kwetu. Mimi nilipoomba kazi ya kuogesha wazee niliulizwa maswali saa nzima na hakuna aliyenipa wali.

Kwa hiyo mlio hapa: kama ni raia wa nchi ya Commonwealth na visa yako ni halali, ka-register. Usisubiri mkutano wala risala. Mwandikie kila mgombea email, swali moja, ndiyo au hapana. Asiyejibu naye amejibu.

Jumamosi asubuhi nilimpigia Twaha nikamweleza yote, maana ana miaka kumi na tano sasa na nimechoka kumwambia "bado kidogo". Akasikiliza. Hakulia, sauti yake yenyewe imeshakuwa nzito.

Akasema, "Sasa mama, kama mimi siwezi kuja, mbona wewe hurudi?"

Nikamwambia network inasumbua, nikakata.

Comments nazisubiri, na wa kunitukana kwa kumkaripia mzee karibuni pia, nitasoma. Ila wenye watoto nyumbani ndio nataka waanze. Nyinyi mlipoulizwa hivyo mliwajibu nini? Hajanipigia tangu siku ile, na mimi nashika simu naiweka.