Kiko cha Mdomo Mpana

Bibi yangu mzaa mama, aliyenilea kule Ngara, alikuwa na viko viwili, na katika miaka yote niliyokaa kwake sikumwona hata mara moja akikosea kipi atie tumbaku gani. Mimi ni mwalimu. Nimeona wenye digrii wakikosea mambo mepesi kuliko hayo.

Kimoja kilikuwa na kichwa kirefu chenye tundu jembamba, na mrija mrefu uliozungushiwa waya wa shaba. Hicho kilikuwa cha tumbaku kavu, ile iliyoning'inia juu ya meko mpaka ukiigusa inavunjika. Kavu huungua upesi, alisema bibi, kwa hiyo unaibana, na moshi wake unaupitisha njia ndefu ili upoe kabla haujafika ulimini.

Cha pili kilikuwa kifupi, cha udongo mweusi, mdomo mpana kama kikombe cha kahawa, kimemeguka kidogo ukingoni. Hicho kilikuwa cha tumbaku ya kuvundika. Majani yake aliyasokota yangali na unyevu, akayafunga kwenye majani ya mgomba na kuyaficha chini ya kitanda mpaka yakawa meusi yenye kunata. Tumbaku hiyo inataka hewa, ukiibana inazimika. Bibi aliipenda kuliko sukari, na bibi alipenda sukari. Alinieleza haya yote mara nyingi, nami nikawa naitikia huku nasahihisha madaftari. Kiko ni kiko tu, nilijiambia.

Kisha nikahamishiwa Biharamulo, nikampata mwanamume wa Nyantakara, Msukuma ambaye wazazi wake walihamia huko na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Siku wakwe walipokuja kwetu kujitambulisha, mchumba wangu aliniambia wazi kwamba mama yake akikataa, hakuna mwingine nyumbani kwao atakayekubali. Na mama huyo alikuwa hajakubali. Aliona Ngara ni mbali, na mwalimu ni mtu wa chaki, asiyejua kumtunza mtu mzima. Aliingia, akamwamkia bibi, "Shikamoo, mama," akaitikiwa marahaba, akaketi. Wali aliugusa tu.

Bibi, kiko chake cha udongo kinywani, alininong'oneza kwamba yule mama anavuta, nimwandalie. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nikataka kumpa kilicho bora. Nikatoa tumbaku nyeusi ya chini ya kitanda, nikaishindilia kwenye kile kiko chenye shaba, kwa sababu ndicho kilichong'aa.

Kilizimika. Akaletewa kaa la moto, akavuta, kikazimika tena. Kwetu moto ukimfia mgeni mkononi ni ishara mbaya, wazee hutazamana, na siku ile walitazamana. Mara ya tatu alikiweka chini, akajifunga kitenge vizuri kama mtu anayejiandaa kuondoka. Mchumba wangu akainamisha kichwa. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Bibi hakuharakisha. Alitoa kiko chake kinywani, akakung'uta majivu, akafuta mrija kwa upindo wa kanga. Kiko hicho hata marehemu babu hakuwahi kuruhusiwa kukivuta. Akachokoa ile tumbaku niliyoishindilia, akaichambua kwa vidole ipumue, akailaza kwenye mdomo mpana, akaweka kaa juu, akampa mgeni kwa mikono miwili.

"Mjukuu wangu hajui viko," alisema. "Kosa ni langu. Nilimpeleka shule kabla sijamaliza kumfundisha."

Mama yule alivuta. Moshi ukaja mzito, polepole. Akavuta tena, akafumba macho.

"Tumbaku nzuri," alisema. "Ilikuwa imekosa nyumba tu." Kisha akanigeukia kwa mara ya kwanza. "Njoo ukae hapa, ng'wanone." Mchumba wangu aliinua kichwa, akaninong'oneza kwamba neno hilo kwao ni "mwanangu".

Walipokuwa wanaondoka, mama alitaka kurudisha kiko. Bibi akamfumba vidole juu yake. "Nenda nacho. Kimeshakuzoea."

Sasa ni mwaka wa tatu tangu niolewe, na mama mkwe wangu huvuta kiko kile kila jioni huko Nyantakara. Likizo iliyopita nilikwenda Ngara kumwona bibi. Nikifagia chumbani kwake, niliona chini ya kitanda hakuna kitu. Hakuna hata ganda la mgomba. Juu ya meko majani makavu yalikuwa yamejaa pande zote. Nikamkuta barazani na kile kiko chembamba, anakohoa, macho yanamtoka machozi.

"Bibi, ile nyeusi iko wapi?"

"Niliacha kuivundika. Hii kavu nimeizoea."

Bibi yangu hajawahi kuzoea kitu asichokipenda. Nikaelewa kwamba ile nyeusi haikuwa tena na nyumba, nikaona aibu, nikampenda mpaka kifua kikauma. Nikamwambia nitamtafutia kingine cha mdomo mpana, hata kama ni kwa kuzunguka masoko yote mpaka Lusahunga. Akatikisa kichwa.

"Kile changu huko kwenu," aliuliza, "kinazimika?"

"Hakizimiki, bibi."

"Basi," alisema, akavuta ile kavu, akakohoa.