Kaka yangu anataka mume wangu abebe lawama za tairi zake mbovu

Admin, jina langu libaki kwako, maana nusu ya ukoo wetu wanafuata ukurasa huu. Nina miaka ishirini na sita, ni Mkenya wa Malindi, nafanya kazi mapokezi kwenye kliniki moja Oud Metha, Dubai. Niliolewa baada ya Idi iliyopita, na jamani, nimeolewa. Mume wangu ni wa Tanga, anafunga tairi kwenye gereji ya huku viwandani. Akirudi anasugua mikono kwa ndimu mpaka harufu ya mpira iishe, ndipo anishike. Asubuhi ananipigia pasi sare huku anaimba vibaya, na nikimwambia anaimba vibaya anaongeza sauti. Huyo ndiye ninayenyang'anywa, na anayeninyang'anya ni kaka yangu wa tumbo moja.

Kaka ndiye msimamizi wa gereji hiyo. Ndiye aliyetukutanisha, na haipiti siku bila kunikumbusha. Wanauza tairi nene za magari ya kwenda jangwani. Kaka alimshawishi arbab, mwenye gereji, waache tairi walizozoea na kuagiza aina nyingine ya bei rahisi. Siku tairi hizo zilipoanza kufungwa nilikuwa pale, nimewapelekea biriani. Mume wangu akaweka moja kwenye mashine ya kubalansi, ile inayozungusha gurudumu na kuonyesha upande mzito. Kwa kawaida anabandika vipande vichache vya madini ya risasi kwenye rimu kusawazisha uzito, basi. Hii ilidai risasi, ikadai tena na tena. Akaivua, akaigeuza kwenye rimu, akaizungusha upya, hali ileile. Mwisho akashika chaki karibu na tairi ikiwa inazunguka. Chaki ikachora upande mmoja, upande wa pili haikugusa kabisa.

"Shemeji, hii si duara, imetoka hivi kiwandani," akamwambia kaka. "Risasi hazitaiponya. Tuzirudishe."

Kaka akacheka. "Wewe bandika tu. Hawa wanakwenda kuruka mchangani, watajua saa ngapi?"

"Na wakirudi barabara kuu?"

"Tutasema mchanga umeganda kwenye rimu. Umekuja Dubai kufunga tairi au kufungua kiwanda? Yalla, shemeji, kazi."

Akafunga. Angembishia vipi kaka wa mkewe mbele ya wafanyakazi, naye ndiye mkubwa wake?

Wiki hii, walivyonisimulia wafanyakazi wa pale, mteja mmoja kaja anafoka. Alikwenda jangwani na familia. Mchangani gari lilikuwa sawa, lakini walipokuwa wanarudi, alipokaza mwendo, usukani ulimtetemekea mikononi mpaka akasimama pembeni, watoto wanalia nyuma. Kaka akaanza hadithi yake ya mchanga. Yule bwana akamwambia rimu zote ameshaziosha. Arbab akauliza nani alibalansi. Kaka akamnyooshea kidole mume wangu, na siku hiyo hakumwita shemeji. Alisema, "Huyu Mtanzania." Arbab akasema Jumapili anataka jibu, na mwenye uzembe anafutiwa viza arudi kwao, khalas.

Mume wangu hakujibu kitu. Nyumbani nikamuuliza kwa nini, akaniambia, "Nisimame mbele ya arbab nimchome kaka yako? Halafu Malindi nitaingia kwa mama na uso gani?" Nikaanza kumtukana kaka. Akaniwekea kiganja mdomoni, polepole, akasema nisimtukane ndugu yangu kwa ajili yake. Nampenda mpaka nashindwa kumeza chakula, na nikimkumbuka kaka nashindwa pia, kwa hasira.

Kaka naye kanipigia bila haya. "Mwambie mumeo akubali kosa. Akifika Tanga nitamtafutia viza nyingine."

"Kaka, alikwambia zile tairi ni mbovu."

"Nani alisikia?"

"Mimi."

Akanijibu, "Wewe ulileta biriani, hukusikia kitu. Nani alikutoa Malindi?"

Nikamwambia yeye si kaka, ni mtu tuliyezaliwa naye tu, nikakata simu. Baada ya hapo mama akapiga. "Mwanangu, huyo mume umemjua juzi. Kaka yako ndiye anayesomesha wadogo zako." Hakuniuliza hata mara moja nani mkosa. Kwake hilo si swali.

Arbab ananifahamu, analeta watoto wake kliniki kwetu, na Kiarabu changu kinatosha kumweleza nilichoona na nilichosikia. Nikisema, anayefutiwa viza ni kaka, na mama kaapa kwenye simu ileile kwamba hapo sitakanyaga kwake tena. Nikinyamaza, naachwa peke yangu na kitanda cha watu wawili, na kaka anaendelea kuziuza zile zilizobaki. Mume wangu hajui ninachowaza. Akijua atanikataza, nami sijawahi kumvunjia neno.

Mnaotaka kuandika kwamba waume wapo wengi, piteni, sikuwauliza nyinyi. Nawauliza mnaojua kupenda, na mnijibu kabla ya Jumapili: niende kwa arbab nyuma ya mgongo wa mume wangu, nimpoteze mama, au nifunge mdomo nimsindikize mume wangu uwanja wa ndege?