Kitambaa Alichonishonea Zuwena

Kofia ikitiwa wanga, harufu yake haikai jikoni peke yake. Hutambaa mpaka ukumbini, ikapanda ngazi, ikaingia hata kwenye mashuka. Kila Alkhamisi mume wangu huzivika kumma zake, kofia zetu za Kiomani za kushonwa kwa mkono, juu ya mabakuli zikauke kwa sala ya Ijumaa, zikapangwa juu ya meza hapa kwetu Madinat Sultan Qaboos, Muscat, nami hupita mlango wa nyuma ili nisizione. Watoto wangu wamekua wakiamini mama yao ana mzio wa wanga. Sina mzio wa kitu chochote. Nina aibu, na aibu hiyo nimekuwa nayo tangu nina miaka kumi na sita.

Tulitoka Unguja mwaka wa sitini na nne, tukaangukia Mombasa, familia yetu na ya kina Zuwena, vyumba vya kupanga katika mtaa mmoja, dirisha lao likitazama njia yetu ya kwendea skuli. Zuwena alikuwa shoga yangu wa kufa na kuzikana. Tulichangia daftari, tulichangia ubuyu, tulichangia hata mafua. Kwa hesabu hakuwa na mpinzani. Mwalimu alikuwa hajamaliza kuandika swali ubaoni, Zuwena keshapata jibu, na alikuwa akilipata kichwani, kalamu imelala. Alitaka kuwa mwalimu wa hesabu, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona kuwa ni ndoto kubwa, maana ilikuwa wazi kabisa kwamba atakuwa. Jioni alikuwa akimshonea kofia baba yake na kaka yake Nassor. Maua yake yalikuwa na petali tano za vitobo, na pembeni ya kila ua aliweka kitobo kimoja zaidi, kimesimama peke yake. Nilipomuuliza cha nini, alinambia, "Hichi changu mimi. Nijue kazi yangu."

Skuli yetu ilikuwa ya wasichana wa kila kabila na kila dini, na mkuu wake, bibi mmoja wa Kiingereza, alikuwa akiandaa dansa kila mwaka. Lilifanywa mchana kweupe, baada ya alasiri, likaisha kabla ya magharibi, na waalikaji walikuwa wasichana. Katika darasa la ushoni kila aliyetaka alishona kitambaa cha mkono, akakitia katika bahasha yenye jina la mvulana wa skuli ya jirani, na mwalimu akazipeleka. Mvulana hakujua nani kamwalika. Siku ya dansa alikuja na kitambaa mfukoni mwa shati, na msichana akakitambua kitambaa chake, akamfuata. Tulikuwa hatulali kwa kulifikiria jambo hilo. Sisi tuliozoea kutazamwa na kuchaguliwa, siku moja tuchague wenyewe!

Mimi nilishachagua. Alikuwa mvulana mrefu aitwaye Salim, na sababu ya kumpenda ilikuwa mwendo wake tu, Mungu anisamehe. Tatizo lilikuwa mikono yangu. Kitambaa cha kwanza nilikichana, cha pili nilikitia damu kwa kujichoma sindano. Zuwena aliniangalia akacheka mpaka akashika mbavu. "Lete huku, kabla hujajiua." Yeye hakuwa na nia ya kwenda, baba yake alikuwa mkali na neno dansa lilikuwa halitajwi mbele yake. Alikishona changu kwa siku mbili, ua moja katika kila pembe, na mkono wake ukafanya uliyoyazoea. Pembeni ya kila ua, kitobo kimoja peke yake. Hatukukiona, wallahi. Sote wawili tulikuwa tumekizoea mno.

Ijumaa, siku moja kabla ya dansa, Salim alikwenda msikitini na kitambaa kile mfukoni, kwa maringo ya kualikwa. Alikaa karibu na Nassor, kaka yake Zuwena. Nassor alikitazama kitambaa, akavua kofia yake mwenyewe, akaiweka mapajani, akavilinganisha. Walipotoka alikitaka kitambaa, na Salim, ambaye kweli hakujua nani kampelekea, alikitoa. Mpaka magharibi nyumba ya kina Zuwena ilikuwa imefungwa milango na sauti ya baba yake inasikika njiani. Alimuuliza kitambaa kile kashona nani. Zuwena akasema, "Nimeshona mimi." Alimuuliza kamshonea nani. Zuwena akanyamaza, na hakusema tena neno.

Jumamosi asubuhi mama yake, Bi Thuwaiba, alikuja kwetu amejitanda buibui, kitambaa amekikunja kiganjani. Macho yalikuwa yamemvimba. Alinikuta peke yangu ukumbini napiga pasi gauni.

"Mwanangu Asya," alisema, "wewe na Zuwena hamfichani kitu. Baba yake anataka kumtoa skuli. Nambie kweli, hichi kitambaa chake au kuna mtu kamtuma?"

Nilikitazama. Pasi ilikuwa mkononi, na gauni nililokuwa nalipiga lilikuwa la dansa. "Sijui, mama," nikasema.

Sikumwogopa baba yangu, na hili nataka lieleweke, kwa sababu kwa miaka mingi nilijidanganya kuwa nilimwogopa. Baba yangu alikuwa mpole. Angenigombeza, angeninyima ruhusa ya kwenda, basi. Niliogopa kukosa dansa. Kwa ajili ya mchana mmoja wa santuri na juisi ya machungwa nilimwacha mama wa shoga yangu arudi nyumbani kwake mikono mitupu. Kisha nikavaa gauni langu, nikavaa soksi nyeupe mpya, nikaenda. Nilimwona Salim mlangoni, hana kitambaa, nikamwambia mimi ndiye niliyemwalika. Tulicheza mara tatu. Alinikanyaga, mikono yake ilikuwa na jasho, na hatukuwa na la kuzungumza. Leo hata sura yake siikumbuki.

Zuwena hakurudi skuli. Mtihani ulikuwa umebaki miezi miwili. Kabla ya mwaka kwisha aliozwa mtoto wa ami yake aliyekuwa Dubai, na nilikwenda harusini, nikala biriani, nikapiga vigelegele. Mimi huyu huyu.

Baadaye Oman, nchi ya mababu zetu, ilifunguka na sote tukarudi huko, ambako wengi wetu tulikuwa hatujawahi kukukanyaga. Waliosoma walitafutwa kwa taa. Cheti changu kilinipatia kazi wizarani, mtaa wa Al Khuwair, na nikapanda mpaka nikawa na ofisi yenye mlango wangu. Zuwena naye alikuja Muscat na mumewe, akalea watoto sita, na kumma zake watu huzingoja kwa miezi. Tumetembeleana, tumezikiana wazee wetu, tumelia pamoja. Wajukuu wangu wanasoma chuo kimoja na wavulana, huandikiana kwa simu mchana kutwa na hakuna anayevua kofia kulinganisha mishono. Ninapowatazama hufurahi, halafu hukumbuka kuwa bei ya uhuru wangu mdogo wa siku ile hakuilipa yule aliyeufaidi.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwagiza kumma ya harusi ya mjukuu wangu. Alinipa sindano nimtungie uzi, macho yake siku hizi hayamsaidii. Nilikuwa nimeinama na uzi mdomoni, na pengine kwa kuwa sikuwa namtazama, nikasema. "Zuwena, kile kitambaa. Mama yako alikuja kuniuliza."

"Nnajua."

"Nilimwambia sijui."

"Nnajua, shoga. Alirudi akanambia." Aliikunjua nguo nyeupe magotini, akailainisha kwa kiganja. "Nkasema labda Asya kamwonea haya mama, atakuja mwenyewe. Nkakaa dirishani kukungoja. Nkakuona unakuja, umevaa soksi nyeupe. Nkasema huyo, anakuja. Ukapita."

Sindano ilinidondoka. Nililia, nikamwomba radhi, na yeye aliniacha nilie bila ya kunikataza wala kunibembeleza. Nilipomaliza alinyoosha mkono, nikampa sindano.

"Kichwa cha mjukuu wako inchi ngapi?"

"Ishirini na mbili na nusu."

Alifumba macho kidogo. "Maua kumi na nane kuzunguka, mistari minne. Sabini na mbili. Kila ua vitobo sita, pamoja na kile changu. Mia nne thalathini na mbili."

Hakuandika popote. Mimi nilikuwa bado nazidisha.